Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati na wageni wetu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Chama chetu cha wahudumu wa afya tunaozungumza Kiswahili hapa Philadelphia kimeendelea na shughuli zake za kawaida. Tulizika, tulioza, tulifuturisha, tulichangia wagonjwa, na darasa la mtihani wa uuguzi lilifanyika. Mambo hayo mliyaona. Mapato yalikuwa dola 6,340, matumizi dola 5,915, na wanachama ni 86. Mweka Hazina atafafanua.

Nije kwenye lile ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo, maana katika vikao sita vya mwaka sikuwaona.

Ni kweli, dola 1,180 zilizotengwa kwa nyama choma ya mwisho wa mwaka zilitumika kwa ziara na mhadhara juu ya Daktari Benjamin Rush. Imesemwa niliamua peke yangu. Kamati iliitwa, tukafika wanne kati ya tisa. Akidi haikutimia, nakubali, lakini sijui alaumiwe aliyekuja au aliyebaki nyumbani. Imesemwa pia nilijilipa. Mhadhara wa kurasa 22 niliuandika mwenyewe, usiku, baada ya zamu, bila hata senti. Zile dola 140 zinazosemwa ni za kuchapa vijitabu vya mhadhara, na vijitabu 60 bado vimerundikana kwenye gereji yangu.

Neno lililoniuma zaidi ni kwamba nimewanyima watu nyama kwa ajili ya "mzungu wa kale muua watu". Aliyesema hivyo hakupanda basi la ziara. Rush alizaliwa mwaka 1746 Byberry, ambako leo ni ndani ya jiji hili, na baadhi yenu mnapita kila siku mkienda kazini. Alimaliza chuo akiwa na miaka 14, akawa mwanagenzi wa Daktari John Redman, akavuka bahari hadi Edinburgh, Uskochi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1768. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, alikuwa profesa wa kemia hapa hapa, anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza katika makoloni ya Waingereza huku Marekani. Mwaka 1776 alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani. Alifundisha hadi alipofariki mwaka 1813, na wanafunzi wake wanakadiriwa kufikia 3,000. Siku zile mwanafunzi alinunua tiketi kwa profesa ndipo aingie darasani. Asiyelipa alibaki nje. Naliacha hapo kwa sasa.

Kuhusu kuua watu: mwaka 1793 homa ya manjano iliingia Philadelphia, mji wa watu kama 50,000, ikaua karibu 5,000. Waliojiweza walikimbia. Rush alibaki, akaugua, akampoteza dada yake na wanagenzi wake watatu. Tiba yake ilikuwa dawa kali ya kuharisha yenye zebaki pamoja na kupasua mshipa na kutoa damu, tena na tena. Leo muuguzi akifanya hivyo anafungwa. Aliamini ugonjwa ulitokana na kahawa iliyooza gatini, kumbe ni mbu, jambo lililothibitishwa Cuba mwaka 1900. Yote hayo niliyasema. Nilisema pia kwamba aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1773 huku baadaye naye akimiliki mtu, William Grubber. Ukurasa wa 9, someni.

Lakini sikumchagua ili tumsifu. Rush ndiye aliyewaambia Waafrika wa mji huu kwamba homa ile haiwapati, akawaomba wauguze. Absalom Jones na Richard Allen, viongozi wa dini wa Waafrika hao, wakawaongoza watu wao kuingia nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wamezikimbia, wakaosha wagonjwa, wakabeba maiti. Wakafa kama wengine. Homa ilipokwisha, mchapishaji mmoja akawatuhumu baadhi yao kwamba waliiba na kutoza bei kubwa, nao mwaka 1794 wakajibu kwa kijitabu, hesabu zikiwa wazi. Nani kati yetu anayekesha kwenye nyumba za wazee hajawahi kuangaliwa kwa jicho hilo pete ya mgonjwa ikipotea? Basi letu lilisimama mbele ya kanisa la Allen, mtaa wa sita. Basi la watu 40, tulikuwa 13, wawili wakiwa wanangu.

Rush alipoandamwa gazetini na mwandishi William Cobbett alikwenda mahakamani, akapewa fidia ya dola 5,000. Mimi sina mpango huo, ingawa sauti zilizotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp nimezihifadhi.

Ada. Waliomaliza dola 60 za mwaka ni 31. Wengine 55 wanadaiwa jumla ya dola 2,870, fedha inayotosha nyama choma mbili na mihadhara isipungue. Wapo waliolalamikia dola 1,180 ilhali hawajachangia hata moja ndani yake. Sitaji jina, majina anayo Mweka Hazina.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutatafuta ukumbi wetu wenyewe, na vijana wanaosomea udaktari tutawaangalia kadiri mfuko utakavyoruhusu. Nyama choma itarudi. Kitabu cha risiti kipo meza ya mlangoni, na pilau litapakuliwa baada ya hesabu kusomwa.

Mwenyekiti