Mimba ikitoka mapema, usikimbilie kuhesabu mayai

Wanawake wengi wanaingia hapa kwenye kliniki yetu ya Kadutu, mjini Bukavu, wakiwa wameshika karatasi ya kipimo cha damu kinachoitwa AMH. Mimba ilitoka wiki ya nane au ya tisa, jirani akasema mayai yamekwisha, pesa ikaenda labo, matokeo yakatoka ya chini. Basi ni machozi. Mama, unauliza kwa nini mimba ilitoka, na karatasi hiyo haijibu swali lako.

AMH ni homoni inayotoka kwenye vifuko vidogo vinavyolea mayai ndani ya ovari. Inatuonyesha, kwa kukisia, kama akiba imebaki kubwa au ndogo. Mwanamke anazaliwa na mayai milioni moja hadi mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na hayaongezeki tena. Lakini nani sokoni anajua ubichi wa sambaza, wale samaki wadogo, kwa kuangalia tu beseni limejaa namna gani?

AMH inakisia wingi wa mayai, si uzima wake, na ubovu unaotoa mimba mara nyingi uko kwenye kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Mtoto anahitaji 46, yaani 23 za mama na 23 za baba. Yai likigawanyika vibaya anapata 47 au 45, na mimba za namna hiyo nyingi hazifiki mbali. Nusu hivi ya mimba zinazotoka kabla ya wiki ya 12, au hata zaidi, zina kasoro hiyo. Mojawapo inayoonekana sana ni kromosomu ya 16 kuwa tatu badala ya mbili. Mayai yamengoja tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako, na vinavyoshika kromosomu pamoja vinalegea kwa miaka. Kwa hiyo mwenye miaka 25 anapoteza kama mimba moja katika kumi, wa miaka 40 moja katika tatu au zaidi. Kama akiba ndogo peke yake inaongeza hatari, wataalamu wanabishana hadi leo. Juu ya umri hakuna ubishi. Dada wa miaka 28 mwenye AMH ya chini, mayai yake ni ya miaka 28.

Basi lile bidoni la maji ulilopanda nalo mlima, ambalo mama mkwe analitaja kila siku kuwa ndilo lililotoa mimba, msililaumu. (Malaria ni jambo lingine. Ile inatoa mimba kweli, kaswende pia.)

Ikiwa ni mara ya kwanza, tunakufanyia ekografi (picha ya ndani ya tumbo) kuona kama tumbo la uzazi limebaki safi, na hatukuuzii AMH. Ikiwa ni mara ya pili au zaidi, njoo na bwana yako. Tunaangalia umbo la tumbo la uzazi, kisha daktari anawaandikia nyote wawili kipimo cha kromosomu, ambacho sisi hatukifanyi. AMH ina kazi yake kwa anayejiandaa kutungishiwa mimba nje ya mwili.

Njoo na tarehe ya hedhi ya mwisho na karatasi za ekografi za zamani, hata zilizokunjamana. Ila ukiwa na homa, au damu inalowesha kitambaa kimoja baada ya kingine, usipitie kwetu: nenda hospitali moja kwa moja, hata usiku.