Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapenzi wa Muziki wa Dansi, Dodoma

Ndugu wanachama,

Kamati Tendaji inawasalimu na inawashukuru kwa kuitikia wito wa Mkutano Mkuu. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na muhtasari wa mkutano uliopita mnao mikononi, hivyo sitayarudia hayo. Taarifa yangu inashika jambo moja ambalo Kamati inaliona ndilo kazi yetu hasa: mwanachama akilipa kiingilio kwenda kwenye bendi yake, arudi nyumbani akiwa ameisikia. Malalamiko mengi yaliyoletwa kwa Katibu mwaka huu hayakuhusu viti wala vinywaji. Yalihusu sauti za waimbaji kumezwa na besi, gita la ridhimu kutosikika kabisa, na onyesho kuanza saa sita usiku.

Bendi tunazozifuata zinahitaji sikio lililokaa mahali pazuri. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, zimejenga muziki wao juu ya magitaa yanayojibizana. Ridhimu inashikilia, solo la pili linajaza nafasi, solo la kwanza linatembea juu, na besi inaongea na tumba chini yao. Redioni wimbo hukatwa kabla chemko, yaani sehemu ya mwisho ya kuchezesha, halijaiva. Ukumbini ndipo waimbaji wanarudi nyuma, pembe, yaani saksafoni na tarumbeta, zinaingia, magitaa yanazunguka dakika nyingi yakibadilika kidogo kidogo. Asiyesikia mabadiliko hayo madogo amekosa nusu ya alichokilipia.

Nianze na meza za mbele, na naomba wanachama wanaozipenda wanivumilie. Meza iliyobanwa chini ya jukwaa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa anayekwenda kusikiliza. Spika kubwa za waimbaji zimewekwa pembeni mwa jukwaa na zinatazama mbele, hivyo sauti zao zinakupita juu ya kichwa na kandoni. Unachopata pale ni dramu lenyewe, spika ya mpiga gita iliyokuelekea wewe, na ngurumo ya spika za besi zilizolazwa chini. Sauti nyembamba husafiri kwa mstari na huzuiwa na miili ya watu. Besi inapinda na kufika kila kona. Ndiyo maana spika za juu zinatakiwa ziinuliwe mita mbili au zaidi, zipite juu ya vichwa vya waliosimama. Zikiwekwa chini, walio nyuma wanabaki na besi tupu.

Mahali pazuri ni jirani na meza ya fundi mitambo, ikiwa imewekwa katikati ya ukumbi. Fundi anasawazisha sauti kwa masikio yake, na anasikia kinachofika pale alipo. Kama meza yake imesukumwa kona au nyuma ya nguzo, pima mwenyewe: angalia nafasi kati ya spika ya kushoto na ya kulia, kisha simama umbali kama huo kutoka jukwaani, au mara moja na nusu yake, katikati ya spika zote mbili. Usiegemee ukuta wa nyuma, kwani besi hujikusanya pale. Sogea mbele hatua tatu au nne. Jaribio ni rahisi: funga macho, msikilize mwimbaji wa pili kwenye kiitikio, kisha litafute gita la ridhimu. Ukivipata vyote viwili bila kukaza sikio, baki hapo.

Kumbi za hapa Dodoma zenye bati bila dari, sakafu ya vigae na kuta tupu zina tatizo la mwangwi. Zikiwa tupu saa kumi jioni zinavuma kama pipa; watu wakijaa, miili na nguo zinameza mwangwi na sauti inatulia. Fundi mzoefu hakati sauti nyembamba mno wakati wa majaribio, kwa sababu anajua umati utazimeza baadaye. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna fundi wa kuishinda. Kwa miezi ya Desemba hadi Machi tuchague ukumbi wenye dari.

Viwanja vya wazi vina hesabu yake. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli sita, na upepo wetu wa kiangazi unaichukua na kuirudisha vipande vipande. Kuongeza nguvu ya spika za jukwaani kunawaumiza walio mbele na hakuwasaidii walio nyuma. Dawa ni jozi ya pili ya spika katikati ya uwanja, na zicheleweshwe kwenye mtambo. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika zilizo mita 35 kutoka jukwaani zinatakiwa kuchelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Zisipocheleweshwa, kila neno la mwimbaji litasikika mara mbili na tumba zitagongana. Mkodishaji mmoja wa vyombo tuliyefanya naye kazi mwaka huu alifunga spika hizo bila kuzichelewesha, na wengi wenu mlidhani wapiga tumba wamelewa. Wapiga tumba walikuwa sawa kabisa.

Kuna jambo la hali ya hewa ambalo bendi za pwani hushangazwa nalo zikipanda huku. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 14. Magitaa yaliyotuniwa saa tisa juani, yakifika saa nne usiku, nyuzi zake za chuma zimejikaza na sauti imepanda. Saksafoni na tarumbeta zinafanya kinyume: hewa iliyomo ikipoa, sauti inashuka. Basi magitaa yako juu, pembe ziko chini, na msikilizaji anaona wimbo umekaa vibaya asijue kwa nini. Vyombo viwekwe jukwaani nusu saa kabla ya onyesho vizoee ubaridi, wapuliza pembe wapulize hewa ya joto ndani ya ala zao kabla ya kuingia, na magitaa yatuniwe upya kwa kufuata pembe zilizokwisha kupashwa. Mkiona mpiga solo anainama kwenye funguo za gita lake kila baada ya wimbo, mjue ndicho anachopambana nacho.

Usiku huohuo wa kiangazi ardhi inapoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake, na sauti inapinda kurudi chini badala ya kupaa. Jirani aliye mbali, ambaye mchana hakusikia kitu, saa tano usiku anasikia kila mstari. Kibali kinachopitia kwa afisa utamaduni wa Jiji na polisi kinataja saa ya kumaliza, na Kamati imeamua saa hiyo iheshimiwe hata kama bendi iko kwenye chemko. Kwa hiyo tunalazimika kuanza mapema.

Kuanza mapema kunategemea majaribio ya vyombo, na hapa ndipo maonyesho mengi huharibikia. Bendi ya watu kumi au kumi na wawili inahitaji saa moja na nusu hadi mbili. Utaratibu unaofaa: dramu la mguuni kwanza, kisha dramu nyingine, tumba, besi, ridhimu, masolo, kinanda, pembe, halafu waimbaji mmoja mmoja. Mwisho wapige wimbo mmoja wa kasi wote kwa pamoja, wenye kiitikio na pembe, maana chombo kinachosikika vizuri peke yake kinaweza kupotea katika kundi. Gari ya bendi ikiingia mjini saa tatu usiku, hayo yote yanafanyika mbele yenu kwenye nyimbo tatu za kwanza, ambazo aghalabu ndizo mlizokuja kuzisikia.

Mlio ule mkali unaochoma masikio hutokea maiki inaposikia spika na kuirudishia sauti yake yenyewe. Mwimbaji anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja anauleta, na mshereheshaji anayeshuka na maiki kupita mbele ya spika anauleta zaidi. Nawaomba pia wanachama wanaopanda kutunza, yaani kuwapa wanamuziki fedha jukwaani: msiivute maiki ili mtaje majina yenu. Pandeni kwa ngazi ya pembeni, mruke nyaya badala ya kuzikanyaga, mumtunze mwimbaji au mpiga gita, mshuke upande wa pili. Kutunza ni heshima na kunawapa moyo wanamuziki. Kunataka mpangilio tu.

Umeme nautaja kwa kifupi. Taa, majokofu na jiko la chipsi visichomekwe kwenye laini moja na vyombo, kwani volti zikishuka kinanda kinazima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Jenereta ya KVA 30 inatoa takribani kilowati 24. Jumlisheni mahitaji yote kisha muongeze nusu yake. Mafuta yajazwe kabla ya onyesho, wala yasiongezwe mashine ikiwa inaunguruma. Waya mrefu wa umeme ufunguliwe wote, usiachwe umeviringwa, kwa sababu unapata moto hadi plastiki inayeyuka.

Masikio ni yenu na hayana kipuri. Kwa vipimo vinavyotumika sana katika afya ya kazini, desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebaki na dakika kumi na tano. Shirika la Afya Duniani limeweka wastani huohuo wa desibeli 100 kuwa kikomo cha kumbi za muziki. Vizibo vya sponji vinasaidia vikivaliwa ipasavyo: kiviringe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie sekunde thelathini kitanuke. Kikichomoza nje nusu, hakijafanya kazi. Masikio yakilia ukiwa njiani kurudi, ulikaa karibu mno au muda mrefu mno. Watoto wasiletwe mbele ya spika kwa hali yoyote.

Safari za Dar es Salaam zimekuwa nyepesi tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Mwendo ni chini ya saa nne, wakati basi kwa barabara ya kilomita takribani 450 hula siku nzima. Hata hivyo bendi humaliza usiku wa manane, hivyo tiketi ya kurudi ikatwe ya mchana unaofuata, na malazi yawe jirani na ukumbi. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho.

Kamati inaleta maazimio mawili mpigie kura leo. La kwanza, fedha tulizokuwa tukilipia meza za mbele zihamishiwe kwenye jozi ya pili ya spika na malipo ya fundi mitambo anayefika siku moja kabla. La pili, mkataba na bendi yoyote tutakayoialika useme gari liwe limefika saa tisa alasiri, nusu ya malipo itolewe wakati wa kusaini, na nusu iliyobaki majaribio ya vyombo yatakapokamilika. Viongozi wa bendi tuliozungumza nao hawana pingamizi na saa hiyo, mradi chakula cha mchana na mahali pa kupumzika viwepo. Wanaotaka kwenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, kusikia zeze, marimba na ngoma za muheme za akina mama bila spika kubwa, wajiandikishe kwa Katibu kabla ya kutoka ukumbini, ili gari likodiwe kwa idadi kamili.