Mhariri, ukurasa wenu wa kufuma umenifumulisha mara tatu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Makambako, huku baridi imeshika adabu mpaka kunawa uso asubuhi unajishauri kwanza. Ndo maana nilipoona kwenye ukurasa wenu wa akina mama mmeweka maelekezo ya kufuma kikoti cha krosheti cha rangi rangi, vipande viwili tu, eti jioni moja umemaliza, nilikata ule ukurasa na mkasi nikaubandika jikoni juu ya ndoo ya maji. Gazeti lenu sinunui kila siku lakini ile siku nilinunua, kwahiyo naomba mnisikilize kama mteja.

Mimi sio mgeni wa sindano. Nimefundishwa na masista nikiwa msichana, nimefuma vitambaa vya makochi vya nusu ya mtaa huu, vya meza, vya kufunikia redio enzi zile redio inavalishwa kama bibi harusi, kofia za watoto wachanga sihesabu. Kile kipande cha mraba chenye vifungu vya mishono mitatu mitatu, Wazungu wanakiita kipande cha bibi, naweza kukifuma huku naangalia mtoto na sufuria. Kwahiyo niliposoma kwamba badala ya pembe nne mnaweka pembe sita nikasema hii haiwezi kunishinda, nikaenda dukani nikachukua mabonge sita ya gramu mia mia, elfu nne kila bonge, nikakaa.

Sasa maelekezo yenu yanasema piga dabo tatu kwenye kila tundu. Dabo ninayoijua mimi ni ya masista, na vile vijitabu vyao vya mifano vilikuwa vya Uingereza, na dabo ya Kiingereza ni kale kamshono kafupi, unaingiza sindano unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili, unavuta tena unavipitisha vyote, basi. Nikapiga. Mzunguko wa tano nina kitu kizito kama mkeka wa mlangoni halafu kimejikunja kunja pembeni kama sukuma wiki. Nikarudi kusoma ukurasa ukutani, mmeandika kikijikunja ujue umekosea kuhesabu, fumua. Nikafumua. Nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, mzunguko wa kwanza vifungu sita, wa pili kumi na mbili, wa tatu kumi na nane, hesabu iko sawa kabisa na kitu kimejikunja vile vile. Nikafumua tena, na uzi ukishafumuliwa mara mbili unakuwa na manyoya kama paka aliyenyeshewa, haya nayo hamkusema.

Jumamosi akaja mtoto wa kaka yangu, yupo chuo, haya mambo anajifunza kwenye simu. Kuniamkia tu, shikamoo shangazi, akashika kile kipande akacheka. Akaniambia shangazi haya maelekezo ni ya Kimarekani, dabo ya Marekani ndo ile ninyi mnaiita trebo, ule mshono mrefu wa kuzungusha uzi kwanza kwenye sindano kabla hujaingiza. Yaani neno ni moja, mishono ni miwili tofauti. Marekani na Uingereza kila mmoja ana majina yake na yanapishana kwa hatua moja, kafupi Mmarekani anakaita singo Mwingereza anakaita dabo, na kale karefu Mmarekani anasema dabo Mwingereza anasema trebo, na hapo katikati ndo tunapopotea sisi tuliosoma vitabu vya zamani halafu tunasoma gazeti jipya. Mhariri, aliyewatafsiria ule ukurasa angeandika tu mshono mrefu wa kuzungusha uzi mara moja, mtu yeyote angeelewa, hata aliyefundishwa na nyanya yake asiyejua kusoma.

Haya, nikaanza upya na mishono mirefu. Ikawa laini, ina matundu mazuri, uzi unaonekana. Ila ikajikunja! Sio kama mwanzo, lakini ukiiweka mezani hailali, ukibonyeza upande huu ule unainuka. Na ukurasa ukutani unaniambia fumua. Nikafumua mara ya tatu, mtoto wa kaka yangu amelala, angekuwepo macho angenizuia.

Mara ya nne nilifika mzunguko wa nane nimeshakata tamaa. Nikainyanyua kwa pembe mbili nitafute ncha ya uzi niivute, ile kuinyanyua tu ikajikunja yenyewe katikati, nikaona kitu kama herufi L. Upande mmoja umetoka mkono, upande mwingine kifua. Nikakaa nikaitazama. Nikaikunjua nikaikunja tena, ni vile vile. Yaani kujikunja ndo nguo yenyewe!

Na ukifikiria hesabu yake ni rahisi, sijui kwanini haikuandikwa. Kipande cha kawaida kina pembe nne, na ndo maana kinalala mezani, kila pembe inabeba robo, robo nne zinatosha duara zima. Sasa hiki kina pembe sita za aina ile ile, robo sita, duara moja na nusu, mbili zaidi ya zinazoweza kulala. Lazima zinyanyuke. Ukikunja, robo tatu zinakuwa mbele na robo tatu zinakuwa nyuma, na ile kati uliyoanzia, lile tundu la kwanza, linakaa kwapani. Kwahiyo kikilala bapa mezani ndo ujue umekosea, umeruka vifungu. Ninyi mliandika kinyume chake.

Halafu hapo hapo mkasema ukimaliza upige pasi kitulie. Jamani uzi wenyewe ule wa dukani huku kwetu ni akriliki, ukiweka pasi ya moto unalegea unakuwa kama mlenda na haurudi tena, wengine unayeyuka kabisa ukashika kwenye pasi. Unalowesha, unakamua kwa taulo, unakitandaza kivulini kikiwa kimekunjwa umbo lake la L, basi.

Kipimo nacho mliruka. Mmesema fuma mpaka kikutoshe, kikutoshe wapi, nikivae kichwani? Nimekaa na fundi cherehani mmoja hapa jirani tukapiga hesabu kwa utepe wake, na hii naomba muichape maana ndo kitu pekee cha maana kwenye barua hii. Pima kifua chako mzunguko mzima, gawa kwa nne, ongeza inchi moja ya kupumulia. Mimi nina 40, robo yake 10, na moja ni 11. Hiyo 11 ndo umbali kutoka kwenye tundu la kati mpaka katikati ya ubavu wa kipande, sio mpaka kwenye pembe, pembe inakwenda mbali zaidi. Ukifika hapo acha, kata uzi, fuma cha pili kinachofanana. Kikoti kitakuwa na urefu wa inchi 22 kutoka begani, na mkono utatoka inchi 11 kutoka kwapani, yaani unaishia karibu na kiwiko. Anayetaka kirefu anaongeza mistari chini, anayetaka mkono ufike kwenye kifundo anaongeza huko, na akipenda anapunguza vifungu taratibu maana mkono wenyewe unakuja mpana kama wa kanzu ya sheikh.

Kushona ndo utapenda. Vipande viwili vikishakunjwa unavitazamisha, migongo miwili unaiunganisha katikati ya mgongo, halafu juu unashona kuanzia mwisho wa mkono unapanda mpaka begani, unaacha nafasi ya shingo, upande wa pili hivyo hivyo. Kwapani hakuna mshono hata mmoja, chini ya mkono hakuna, ubavuni hakuna. Nguo gani nyingine inashonwa hivyo? Ndo maana nasema mfano wenyewe ni mzuri sana, aliyeubuni ana akili, tatizo ni maelekezo.

Sasa tuje kwenye hii jioni moja yenu. Nimehesabu, sijakisia. Mzunguko wa kwanza una vifungu sita, kila mzunguko unaongeza sita, mimi nilifika mizunguko 18, kila kifungu mishono mitatu. Kipande kimoja kinakuwa na mishono mirefu 3,078. Viwili ni 6,156, na sijaweka minyororo ya kwenye pembe. Mimi mtu wa mkono mwepesi, nikiwa sijaitwa na mtu, napiga kama 700 kwa saa, kwahiyo ni masaa karibu tisa ya kufuma tu, hakuna chai, hakuna mteja wa vocha, hakuna mtoto anayeulizia daftari. Halafu ncha. Nilibadilisha rangi kila mzunguko kama kwenye picha yenu, kila rangi inaacha ncha mbili, mizunguko 18 mara vipande viwili, ni ncha 72 za kuficha moja moja kwa sindano ya kushonea, na ukizikata bila kuzificha ile nguo inaanza kufumuka siku ya kwanza ya kufua. Mimi imenichukua jioni kumi na moja. Kwenye picha yenu ncha hazionekani, sijui mpiga picha alizificha wapi.

Nalisemea hili sio kwa sababu ya ubishi. Juzi kaja dada mmoja kakiona nimekivaa sokoni, kakipenda, kaniuliza bei, nikamwambia, akashtuka, akasema lakini gazetini wameandika ni kazi ya jioni moja na vipande viwili tu, nipe kwa elfu kumi na tano. Uzi peke yake elfu ishirini na nane! Nikamwambia aende mtumba, akasema mtumba sweta zipo za elfu tano. Ndio zipo, sweta mashine inafuma, tena inafuma haraka. Krosheti mpaka leo viwanda havina mashine ya kuifuma kama mkono, zilizopo zinaigiza tu kwa mbali, kwahiyo hata kile kiblauzi cha krosheti unachokiona dukani cha bei ya kutupa, kuna mtu mahali fulani alikaa akakipiga kwa vidole vyake, na unaweza kukisia alilipwa nini. Mteja sikumpata, na sababu mojawapo iko ukutani kwangu juu ya ndoo.

Sisemi gazeti liache kuchapa mifano, hapana, tena nawapongeza maana magazeti mengine ukurasa wa akina mama ni mapishi na kuachana tu. Magazeti na kazi hii ni ndugu wa zamani. Mtoto wa kaka yangu alinionyesha kwamba mmoja wa mifano ya zamani kabisa inayojulikana ya hiki kipande cha bibi ulichapwa mwaka 1885 kwenye gazeti la wakulima la Marekani linaitwa Prairie Farmer, la Chicago, na aliyeuleta alikuwa mama tu, msomaji. Nimelipenda hilo sana. Yaani mwenye kazi mkononi ndo aliyeandika, sio mtu aliyeokota maelekezo mahali akayageuza lugha bila kushika sindano. Huku kwetu Njombe, Mbeya, Lushoto, Arusha kote kwenye baridi wamejaa akina mama wanaofuma, mkiomba mifano mtaletewa gunia.

Na kingine kidogo nisisahau, waambieni watu wanunue uzi wote siku moja na waangalie kwenye karatasi ya bonge ile namba ya loti, yaani ya uzi uliotiwa rangi pamoja, sio namba ya rangi yenyewe, zote zifanane. Bonge langu la saba nilirudi kulinunua wiki iliyofuata, nyekundu ile ile, duka lile lile, nikaja kugundua juani kwamba mkono wa kulia umeiva zaidi ya wa kushoto. Watu wanadhani nimefanya makusudi na mimi nimenyamaza.

Naomba basi mchape masahihisho, tena sio kale kaboksi ka pembeni ka kusomwa na nzi. Mshono ni mrefu wa kuzungusha uzi mara moja. Kisipojikunja umekosea. Robo ya kifua na inchi moja. Pasi hapana. Na hiyo jioni moja muifute, andikeni wiki mbili mtu asije akajiona mjinga kwenye nyumba yake.

Picha nikitakiwa naweza kutuma, nimepigwa nikiwa nimekivaa mbele ya banda la vocha, ila kama mtaikata naomba mkate upande wa kulia.

Wenu,
Mfumaji wa vitambaa, Makambako