Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Viwango la Uganda

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Arua. Nina kibanda cha vipodozi sokoni. Haipiti wiki bila mama fulani, mara nyingi aliyejifungua karibuni, kunionyesha mabaka meusi mashavuni. Hataki kuwa mzungu. Anataka uso wake wa zamani.

Nimpe nini? Bidhaa nyingi huku huvuka mpaka kutoka Kongo, maandishi ni Kifaransa. Watu wamesikia kuna krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku, basi wanatazama picha ya boksi. Ubaya uko nyuma, kwenye herufi ndogo. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikipakwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi wa samawati usiosikia dawa. Zebaki, ambayo wengine huiandika kalomeli, huharibu figo. Klobetasoli ni dawa ya hospitali. Uso ukiizoea hukonda ngozi, na siku ukiikosa unawaka na kujaa vipele. Nami niliwahi kuiuza, kabla sijajifunza kugeuza boksi.

Sasa hofu imezoa hata visivyo na kosa. Juzi mteja amenirudishia losheni ya niasinamidi kwa sababu tu imeandikwa kwamba inang'arisha. Jamani, hiyo ni vitamini B3! Ikiwa asilimia 4 au 5 hufifisha madoa, polepole lakini, na husaidia ngozi kushika maji. Asidi ya azelaiki nayo hufifisha madoa, na hata wajawazito kwa kawaida huruhusiwa kuitumia.

Glisirini ndiyo rahisi kuliko zote. Huvuta maji, kwa hiyo nawaambia wapake wakitoka kuoga, mwili ungali mbichi, hasa Januari upepo mkavu ukipiga. Juu yake wafunike na moo yaa, mafuta ya shea ya mama zetu wa kaskazini. Hayamfanyi mtu mweupe. Yanaondoa ukavu, na hilo ndilo wengi walilokuwa wakililia.

Ombi langu ni karatasi moja ya kubandika sokoni: majina ya viambato vibaya na vizuri, yaandikwe kama yalivyo kwenye boksi, kwa Kiingereza na Kifaransa, maelezo yawe kwa Kilugbara na Kiswahili. Ongezeni kwamba bila kofia au krimu ya kukinga jua, mabaka hurudi.

Mlango wangu una nafasi, pale nilipobandua tangazo la ile krimu.

Wako,
Muuza vipodozi, Arua