Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Unguja na Kalenda Yetu

Ndugu wanachama, waongoza wageni wa Rungwe,

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Kamati imekutana kila robo mwaka kama katiba inavyotaka. Tumepokea wanachama wapya, wengi wao vijana wa Kiwira na Tukuyu. Mapato na matumizi atayasoma mhazini baada yangu. Ada bado inatusumbua, na waliochelewa nawaomba wamalizane na mhazini leo kabla hatujatawanyika.

Muda uliobaki nautumia kwa safari ya mafunzo ya Unguja. Ililipiwa na mfuko wetu, na baadhi yenu mmeniuliza, tena kwa haki, kwa nini waongoza wageni wa milimani wapelekwe baharini.

Nilitaka tuone wenzetu wanampa mgeni kitu gani kinachomfanya akae siku nyingi, wakati kwetu analala Mbeya mjini usiku mmoja kisha anaendelea na safari ya Malawi au Zambia. Mji Mkongwe tuliuzunguka, tukalia kimya Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kwenye mashamba ya viungo tukanusa karafuu, hiliki na mdalasini hadi vidole vikabaki na harufu siku mbili. Vyote vizuri. Lakini somo nililipata Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki.

Tulikuwa tumepanga kwenda kuwaona kinamama wa mwani saa kumi alasiri, jua likishapoa. Mwenyeji wetu akatuambia saa kumi maji yatakuwa yamejaa na shambani hapatakuwa na mtu: ni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tufike saa tatu asubuhi. Tukaamka mapema. Bahari ilikuwa imekupwa mbali kabisa, na pale palipokuwa na maji jana yake pakaonekana safu za vigingi na kamba. Mwani unalimwa pwani ile kwa biashara tangu mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Hawakuacha kazi kwa ajili yetu. Walitupa kamba, wakatuonyesha namna ya kufunga kishada, wakaendelea. Baada ya saa moja migongo ilituuma, na maji yalipoanza kurudi kila mtu akabeba mzigo wake kuelekea nchi kavu. Wageni wa Ulaya tuliokuwa nao waliinama kama sisi. Jioni walizungumzia mwani tu.

Kule mwongoza wageni anajua kupwa na kujaa, anajua pepo za kusi na kaskazi, ndipo anampangia mgeni ratiba. Mgeni ndiye anayesubiri.

Makunduchi ilikuwa vivyo hivyo. Tulifika Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa migomba, wanawake wamevaa walivyojaaliwa wanaimba, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto. Inasemekana nyumba isiyopata mgeni siku hiyo si dalili njema, hivyo tulivutwa mikono kuingia kula kwa watu tusiowafahamu. Siku ile ingefanyika hata kama isingetia nanga meli hata moja.

Jozani, msitu wa hifadhi wa Unguja, lazima niieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu inatugusa sisi watu wa Rungwe. Kuna kima punju, mwekundu mgongoni, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Punju ni sumu. Watu wa zamani waliamini mnyama huyu ana sumu. Anakula hata mkaa, na wataalamu wanaeleza kwamba mkaa unamsaidia kuhimili sumu iliyomo kwenye majani ya mikungu na miembe. Barabara inayopita kando ya msitu imewekewa matuta, maana magari yalikuwa yanamgonga. Wakulima wa jirani, ambao kima huwaharibia mazao, wanapata sehemu ya fedha za wageni. Nilisimama pale nikamfikiria kipunji, nyani wa msitu wetu wa Rungwe. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003, na hadi leo wakulima wanaopakana na msitu wa Rungwe hawapati chochote kupitia kwetu. Kamati inapendekeza sehemu ya kila malipo ya matembezi ya msituni iende kwa serikali za vijiji hivyo kwa ajili yao. Naiunga mkono kwa moyo wote.

Sasa la kwetu. Mwaka huu tulipeleka kundi Kitulo, hifadhi ya maua ya nyanda za juu, mwezi Agosti. Kipeperushi chetu kinasema Bustani ya Mungu, kina picha ya maua, hakina mwezi. Wale wageni walipanda hadi mita 2,600 wakakuta nyasi kavu na baridi kali. Kosa ni letu, na sahihi iliyopitisha kipeperushi kile ni yangu. Tuliwarudishia sehemu ya fedha. Maua ya Kitulo yanataka mvua: Novemba hadi Aprili, barabara ikiwa na utelezi wake, na hilo nalo mgeni aambiwe mapema. Agosti ni mwezi wa kupanda mlima Ngozi wenye ziwa kreta, njia ikiwa kavu na ziwa likionekana vizuri kutoka ukingoni.

Kwa hiyo tunaandaa kalenda ya safari, mwezi kwa mwezi. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tutapeleka watu kwa siku ya soko la vyungu Lyulilo, wakawaone kinamama wa Kikisi wakishusha mzigo kutoka kwenye mitumbwi, na atakayependa aende Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, akakande udongo. Ngoma za kuchezwa hotelini kwa kuagizwa napendekeza tuziache. Najua kuna wanachama wanaopata posho hapo, na sisemi hili kwa wepesi. Ila ing'oma, ngoma ya Kinyakyusa, niliyoiona Kyela nikiwa kijana ilikuwa na wenyewe, na mgeni aliyebahatika kuikuta alisimama pembeni na kutazama. Wanaoishi kwa posho hiyo tuwape nafasi za kwanza za kuongoza safari za Matema. Tutalipigia kura baada ya chai.

Rasimu ya kalenda imebandikwa ukutani karibu na mlango, na kalamu zipo. Miezi mingine tumejaza kidogo. Mei hatukuwa na la kuandika, nayo nimeiacha wazi. Anayejua kinachofanyika kijijini kwake mwezi huo aandike pale, na aweke jina la mzee wa kumuuliza.