Sisi wa viti vya magurudumu nasi ni abiria

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu, na natumia kiti cha magurudumu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inanipa haki ya kufika mahali pa umma na kutumia magari ya abiria. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini 2025, na nilifurahi kwelikweli. Lakini stejini mambo ni yale yale. Makanga akiniona anagonga gari liondoke, au anadai nilipie kiti nauli ya mzigo. Anayekubali hunikwapua juujuu bila kuniuliza anishike wapi, sketi ikipanda, watu wakitazama. Mimi ni mama wa watoto watatu!

Tuktuk ndiyo hunisitiri, ila nauli yake hula faida ya gauni zima. Na wale wenye ulemavu mkali wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, wazimalizie barabarani?

Naiomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, isipe leseni chama cha magari ya matatu kisicho na hata gari moja lenye mlango mpana na ubao wa kupandishia kiti. Nayo kaunti, ikikarabati steji, ituite kabla saruji haijamwagwa.

Mama Fundi,
Kondele, Kisumu