Hata choo cha soko ni cha kimkakati?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi za kutumwa na marehemu baba kulinunua, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ile habari yenu ya Jumanne ya choo cha soko ndiyo imenishinda. Aya sita tu, na neno "kimkakati" nimelihesabu mara tisa: choo cha kimkakati, eneo la kimkakati, hadi simtanki la juu ya paa nalo la kimkakati. Choo ni haja, Mhariri. Aliyebanwa hana mkakati, ana mbio.

Nilifundisha jiografia miaka 31. Hiyo "strategic" ya Waingereza, tuliyoifanya "-a kimkakati", asili yake ni kwa Wagiriki, ambao strategos kwao alikuwa jemadari wa jeshi. Jemadari hatazami pambano la leo jioni peke yake. Anatazama vita vyote, na yuko radhi kuachia kilima kimoja ili mwishowe ashinde. La leo jioni lina jina lake, linaitwa mbinu. Chukua reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa 1970 hadi 1975 kwa msaada wa China baada ya mataifa ya Magharibi kukataa kuigharimia. Ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo. Hiyo ndiyo ya kimkakati, na sisi tuliiita Reli ya Uhuru, basi. Mkisema hivyo kuhusu SGR, hii reli yetu mpya ya kisasa, pia sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni mtaro. Mwaka juzi tuliitwa kikao mtaani, tukaambiwa kila kaya itoe elfu ishirini ya "mtaro wa kimkakati". Nikanyoosha mkono, nikauliza mkakati wenyewe ni upi, maji yakitoka hapa yanakwenda wapi? Kijana aliyeendesha kikao akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo, mwalimu. Wa kimkakati maana yake ni wa muhimu sana." Watu wakapiga makofi. Nikatoa elfu ishirini yangu. Mtaro ukachimbwa, ukamwagwa zege, ukakatiwa utepe. Unaanzia kwa fundi cherehani, unapita mbele ya banda la mama ntilie, unaishia kwenye ukuta wa jirani yangu. Unaishia hapo, Mhariri! Hauendi mtoni, hauendi barabarani. Masika yalipoanza, maji ya mtaa mzima, ambayo zamani yalitawanyika kila mtu akapata dimbwi lake, yalikusanywa vizuri yakapelekwa kwenye sebule moja. Tulikesha tukiyachota kwa ndoo, magodoro yako juu ya meza, na bibi mwenye nyumba amekunja miguu kitandani ananiuliza, "Mwalimu, mkakati ndio huu?" Nikakosa la kumjibu, mimi niliyenyamazishwa kwa makofi.

Na kikao chenyewe kiliitwa saa nne, kikaanza saa sita. Kila anayesimama anasema "itifaki imezingatiwa", halafu anaanza kuwataja mmoja mmoja, kuanzia mgeni rasmi hadi mwenye viti vya kukodi. Kama imezingatiwa si muiache ipumzike? Halafu kuna hii "changamoto". Mtu maji yamemfika kiunoni, anaambiwa ana changamoto. Hilo nitakuandikia siku nyingine nikijaliwa, maana presha yangu naijua mwenyewe.

Pakiti za maziwa huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Naomba waandishi wako wafanye vivyo hivyo. Kila penye "kimkakati" wataje mwaka ambao lengo litatimia, na kitu gani kimeachwa ili hicho kifanyike. Asiyeweza kuvitaja vyote viwili aandike "muhimu", au "kikubwa", au aandike choo tu, tutamwelewa. Na huyo wa Jumanne namkaribisha kwetu masika yajayo. Aje na ndoo yake, mtaro nitamwonyesha.

Mwalimu mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam